Niliichagua seli nzuri kuliko zote

Chumba cha hadubini ya mng'ao hakina dirisha. Ukiingia unafunga mlango, unavuta pazia jeusi, unazima taa na kukaa kimya dakika kadhaa mpaka macho yazoee giza. Rangi tunazozitia kwenye seli hazistahimili mwanga. Kila zinapomulikwa hufifia kidogo, na zikimulikwa mno hufa kabisa, hazirudi tena. Ndiyo maana mtu wa hadubini huzoea kushika vifaa vyake kwa kupapasa, na hufungua kifuniko cha taa kwa sekunde chache tu, anapotaka kuona kweli.

Usiku wa kwanza niliofanya kazi humo peke yangu nilikuwa na kioo kimoja tu, chenye seli zilizotiwa rangi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya buluu, inayoshikamana na DNA na hivyo kuonyesha kiini cha seli. Ya pili ilikuwa nyekundu, inayoshika aktini, yaani zile nyuzi za protini zinazoipa seli umbo na kuiwezesha kutambaa. Niliinama, nikazungusha gurudumu la kulenga. Kwanza niliona ukungu. Nikazungusha tena, kidogo sana, na ukungu ukakatika: seli zimejitandaza, kila moja imevuta nyuzi zake kutoka ukingo hadi ukingo, zimekaza kama kamba za hema, na katikati yai la buluu limetulia. Pembeni kulikuwa na seli moja ambayo dawa ilikuwa imeigandisha ikiwa katika kujigawa. DNA yake ilikuwa imejipanga mstari mwembamba katikati, tayari kuvutwa nusu huku na nusu kule.

Nilisahau kupiga picha. Nilibaki nikitazama mpaka ule wekundu ukaanza kupauka mbele ya macho yangu, ndipo nikafunga taa kwa haraka na kukaa gizani, moyo ukinidunda.

Baadaye nilijifunza kwamba rangi ile nyekundu ilitokana na sumu. Kitu kinachoshika aktini kwa nguvu namna ile huitwa faloidini, na hutoka kwenye uyoga uitwao Amanita phalloides, miongoni mwa uyoga unaoua watu wengi zaidi duniani. Wanasayansi huichukua sumu hiyo, wakaifungia rangi inayong'aa, wakaitumia kidogo sana kuonyesha mifupa ya seli. Tangu nijue hivyo, kila nikiona picha ya namna ile hukumbuka kwamba uzuri wake umeshika shina la kitu kinachoua.

Nimefanya kazi na picha hizi kwa miaka mingi sasa, na watu wakiziona ukutani huniuliza swali lile lile: uzuri huu ni sehemu ya sayansi, au ni pambo tu? Naamini ni sehemu ya kazi yenyewe, kwa sababu ndio unaomfanya mtu aendelee kutazama pale ambapo angeshaondoka. Lakini hakuna kitu kilichonipotosha maabarani kuliko uzuri huo huo.

Tulikuwa tukijaribu dawa moja, kuona kama inabadilisha umbo la seli. Nusu ya vioo vilikuwa na seli zilizopewa dawa, nusu havikupewa. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha za pande zote mbili na kuzileta kwa mkuu wa maabara. Niliifanya kwa mapenzi makubwa. Nilitembeza kioo huku na huku, nikapita seli zilizobanana, nikapita zilizofunikana, nikapita zenye ukungu, mpaka nikapata seli moja iliyokaa peke yake katikati ya uwanja mweusi, imejinyoosha pande zote kama nyota. Kwa kila kioo nilitafuta nyota yangu. Nikazipanga kwenye ukurasa mmoja, za dawa kushoto na zisizo na dawa kulia, na tofauti ilionekana wazi hata kwa mtu aliyesimama mlangoni.

Mkuu wa maabara alizitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaweka kidole juu ya ile niliyoipenda zaidi.

"Uliziruka ngapi ndiyo ukaifikia hii?"

Sikuwa nimehesabu. Nilimwambia ukweli kwamba sijui, labda mia, labda mia mbili.

"Basi hizo mia mbili ndizo matokeo," akasema. "Hii ni bahati."

Hakunikaripia. Alinirudisha chumbani na utaratibu ambao mpaka leo sijauacha. Mwenzangu mmoja alibandika karatasi juu ya majina ya vioo vyote na kuandika namba, ili nisijue kipi kina dawa na kipi hakina. Kompyuta ndiyo iliyochagua mahali pa kupiga picha, na mimi nilitakiwa kupiga pale pale iliposimama, pawe pazuri au pabaya. Viwanja 30 kwa kila kioo. Nilipata picha zenye mapovu ya hewa. Nilipata picha zenye robo ya seli imekatwa ukingoni. Nilipata viwanja vitupu kabisa. Iliniuma kupiga picha mbaya kwa makusudi, na nasema hivyo kwa moyo mweupe: mkono ulikuwa ukisita kubonyeza.

Tulipofungua zile namba, tofauti ya umbo niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa imepotea. Haikuwapo. Nilikuwa nimeitengeneza mwenyewe, seli moja baada ya nyingine, bila kukusudia kumdanganya mtu yeyote. Jicho langu lilikuwa limeshaamua seli ya kila upande iweje, na likawa linaitafuta inayofanana na uamuzi huo.

Kulikuwa na jambo jingine kwenye picha zile mbaya, na lilichukua wiki mbili zaidi kulitambua. Seli zilizopewa dawa zilikuwa zinarundikana. Zilishikana ubavu kwa ubavu na kupandana, wakati zile zisizopewa dawa zilitawanyika. Dawa haikugusa umbo la seli moja moja. Iligusa namna seli zinavyokaa pamoja. Nami, kwa sababu rundo huonekana kama ukungu na ukungu si mzuri, nilikuwa nimetafuta kwenye kila kioo seli zilizokaa peke yake, yaani zile zile ambazo dawa haikuzifanya kitu.

Bado huwa naitoa ile picha ya nyota. Ni nzuri kweli kweli, na sitaki kuikana. Ila haikuwa jibu la swali tuliloliuliza.

Mtu aliyenifundisha kutazama upya hakuwa na shahada kubwa. Alikuwa fundi wa maabara ya patholojia, yaani ile inayochunguza tishu za wagonjwa, mzee aliyekuwa amekata na kutia rangi tishu maisha yake yote ya kazi. Nilikwenda kwake kwa sababu nilitaka kupumzika na rangi za kung'aa. Kwake kila kitu kilikuwa waridi na zambarau.

Alinionyesha kazi kuanzia mwanzo. Kipande cha tishu hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa kwa mashine yenye wembe mkali, unene wa maikromita nne hivi. Unywele wa kichwani una unene wa maikromita 70 au zaidi, kwa hiyo ungeweza kuupasua mara 15 na zaidi kabla ya kufikia wembamba ule. Vipande hutoka kwenye wembe vikiwa vimeungana kama utepe. Mzee alikuwa akiushika utepe huo kwa brashi nyembamba, akiulaza juu ya maji ya vuguvugu, na mikunjo yote ikawa inajinyoosha yenyewe kimya kimya huku nta ikielea. Kisha akazamisha kioo chini yake na kuuinua utepe, kama mtu anayemwinua mtoto aliyelala.

"Usipumue juu yake," aliniambia mara ya kwanza nilipojaribu. Nilipumua, ukaruka.

Rangi mbili alizotumia zina zaidi ya miaka mia moja kazini. Ya zambarau huitwa hematoksilini, na hutoka kwenye kiini cha mti unaoota Mexico na Amerika ya Kati, mti ambao zamani ulikatwa kwa ajili ya kutia nguo rangi. Peke yake haishiki. Huhitaji kuoksidishwa na kuchanganywa na chumvi ya alumini ndipo ing'ang'anie kiini cha seli. Ya waridi ni eosini, nayo hupaka sehemu zilizobaki. Mpaka leo, ukifanyiwa upasuaji mahali popote duniani na kipande chako kikapelekwa kuchunguzwa, karibu kwa hakika daktari atakitazama kwanza kwa rangi hizi mbili.

Mzee alikuwa na kisanduku cha vioo alivyovipenda. Figo, ambamo mishipa midogo ya damu imejiviringisha kama donge la uzi, donge baada ya donge. Mfupa mgumu, wenye duara ndani ya duara kuzunguka tundu ambamo mshipa wa damu hupita. Ini, safu za seli zikielekea kwenye mshipa wa katikati kama njia za kijijini zinazoelekea kisimani. Alinikataza kuuliza majina. Alitaka kwanza nimweleze mpangilio: nini kinafuatana na nini, nini kimeachiana nafasi, nini kinarudiwa. Jina lilikuja mwisho.

Baada ya miezi michache nilianza kuutambua ugonjwa kabla ya kuujua. Kioo kingine cha ini, na zile safu hazifiki kisimani. Zimevurugika, viini vimekuwa vikubwa vidogo, vingine vyeusi ti. Nilifikiri nimepata kanuni: afya ni mpangilio, ugonjwa ni vurugu, na jicho linalopenda uzuri litaujua ugonjwa kwa kuchukizwa. Nikamwambia mzee. Akafungua kisanduku, akanipa kioo kimoja bila kusema neno.

Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Matawi membamba yaliyogawanyika na kugawanyika tena kama majani ya jimbi, kila tawi limevikwa safu moja ya seli, na viini vyake vimepauka katikati kama vioo vya dirisha. Nilitazama kwa raha kubwa.

"Saratani," akasema mzee. Ilikuwa ni ile ya tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, ambayo matawi yake na viini vyake vilivyopauka ndivyo hasa humwonyesha daktari kwamba ndiyo yenyewe.

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimeupa uzuri kazi isiyo yake.

Kuhusu rangi, kuna jambo ambalo wengi hawalijui, na wakiambiwa huhisi wamedanganywa. Kamera nyingi za hadubini ya mng'ao hunasa nyeusi na nyeupe tu. Tunapiga picha moja kwa kila rangi ya mwanga, kisha kompyuta inaambiwa: hii iwe buluu, hii iwe kijani. Kwa hadubini ya elektroni, inayotumia elektroni badala ya mwanga, ni zaidi ya hapo. Tangu Ernst Ruska na Max Knoll walipoijenga ya kwanza mwaka 1931, picha zake hazijawahi kuwa na rangi, kwa kuwa elektroni hazina rangi ya kutuletea. Zile picha maarufu za virusi vyekundu na bakteria za dhahabu zimepakwa na mtu aliyekaa mbele ya skrini.

Mimi sioni kwamba huo ni uongo. Ramani nayo hupaka milima kahawia, na hakuna anayepanda mlima akitafuta ukahawia huo. Kinachonisumbua ni pale msomaji asipoambiwa.

Hata hivyo niligundua kwamba kuchagua rangi si suala la kupendeza tu. Kwa miaka mitatu nilikuwa napaka protini moja nyekundu na nyingine kijani, na zilipokutana zilitoa manjano safi ambayo nilijivunia sana. Siku moja, baada ya kikao, mwenzangu mmoja alinivuta pembeni na kuniambia kwa upole kwamba hajawahi kuona manjano hayo. Wala tofauti kati ya ule wekundu na ule ukijani. Kwake picha zangu zote zilikuwa rangi moja ya matope. Amekaa vikao vyote vile akiitikia kwa kichwa pamoja nasi.

Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, takriban mmoja kati ya 12 ana shida hiyo ya kutotofautisha nyekundu na kijani. Kwa wanawake ni mmoja kati ya 200 hivi. Usiku ule ule nilibadili nyekundu kuwa majenta, yaani ile zambarau-waridi kali. Majenta na kijani zikikutana hutoa nyeupe. Nilimtumia picha. Alijibu kwa sentensi moja: "Kumbe zinagusana!" Zilikuwa zimegusana miaka mitatu.

Kijani chenyewe kina hadithi yake. Osamu Shimomura aliitoa protini inayong'aa kijani kwenye yavuyavu, yaani mnyama wa baharini mwenye mwili laini kama ute, aitwaye Aequorea victoria, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1962. Mwaka 1994 Martin Chalfie na wenzake walionyesha kwamba jeni la protini hiyo linaweza kuwekwa ndani ya kiumbe kingine nacho kikang'aa kwa ndani, kikiwa hai. Roger Tsien akaiongezea rangi nyingine nyingi. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Niliwahi kumtazama mnyoo mwenye urefu wa milimita moja akijinyonganyonga chini ya lenzi, neva zake chache tu zimewaka kijani mwilini mwake wote ulio angavu kama kioo. Alikuwa hai. Neva zile zilikuwa zikifanya kazi wakati ninazitazama.

Picha ninazozirudia kuliko zote, lakini, hazikupigwa na kamera. Zilichorwa kwa penseli na wino.

Mwaka 1873 daktari wa Italia, Camillo Golgi, alitangaza njia ya kupaka tishu za ubongo kwa dikromati ya potasiamu na nitrati ya fedha. Ajabu yake ni kwamba haipaki seli zote. Hushika chache tu hapa na pale, na hizo chache huzipaka nyeusi zima, mpaka ncha ya tawi la mwisho, juu ya uwanja wa manjano. Kama ingezipaka zote, mtu angeona kipande cheusi tu. Mwaka 1887 Mhispania Santiago Ramón y Cajal alionyeshwa vioo vya namna hiyo. Cajal alitaka kuwa mchoraji tangu utotoni; baba yake, aliyekuwa daktari, ndiye aliyemsukuma kwenye tiba. Aliboresha njia ya Golgi, kisha akachora kwa miaka mingi, maelfu ya michoro.

Nilichojifunza kwake ni namna alivyochora. Asubuhi alitazama kioo baada ya kioo, na mara nyingi alichora baadaye, akikusanya kwenye karatasi moja alichokiona kwenye seli nyingi. Nilipolisoma hilo nilikumbuka ile nyota yangu. Mimi nilipita seli mia mbili nikaonyesha moja. Yeye alichora moja iliyobeba zile mia mbili.

Na kuna la kutisha katika habari hiyo. Golgi na Cajal walitazama weusi ule ule juu ya manjano yale yale. Golgi aliona wavu mmoja ulioungana ubongo mzima. Cajal aliona seli zilizo mbalimbali, kila moja inakaribia jirani yake bila kuungana naye. Mwaka 1906 waligawana Tuzo ya Nobel, na katika hotuba yake Golgi aliyapinga mawazo ya mwenzake aliyekuwa akitunukiwa pamoja naye. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1950, hadubini ya elektroni ilipoonyesha mwanya wenyewe kati ya neva na neva, wenye upana wa nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Wote wawili walikuwa na macho makali. Wote wawili waliupenda uzuri wa walichokiona, na mmoja alikosea.

Kwa hiyo nilianza kuchora. Mimi si mchoraji, ila kila Ijumaa jioni nachukua kioo kimoja na penseli. Mkono hauwezi kuchora kitu ambacho jicho limekiruka. Ukifika mahali penye tawi unalazimika kuamua: linapita chini ya hili, au linaishia hapa? Kamera haikuulizi swali hilo. Mara nyingi narudi kwenye hadubini mara tatu, nne, kwa ajili ya mstari mmoja wenye urefu wa ukucha.

Miaka kadhaa iliyopita tulipanga picha zetu ukutani, kwenye ukumbi mrefu unaotumiwa na wagonjwa na jamaa zao wanaposubiri. Tuliziweka kubwa, bila maelezo, kwa sababu tulitaka watu waone uzuri kwanza. Picha yangu ilikuwa ya kipande cha uvimbe, majenta na kijani na buluu, imepangika kama mkeka wa rangi. Nilikuwa napita pale kila siku kuona watu wakisimama.

Siku moja nilimkuta mama mmoja amesimama mbele yake kwa muda mrefu. Nilimsogelea kwa furaha.

"Inapendeza," alisema. "Ni nini, mwanangu?"

Nikamwambia. Nilimweleza vizuri tu, rangi gani inaonyesha nini, na nikataja uvimbe ulikuwa wa kiungo gani. Alinyamaza. Halafu akasema kwamba mume wake aliondoka kwa ugonjwa huo huo. Aliigeukia picha tena, akaitazama kama anayemtafuta mtu kwenye umati.

"Na huyu," akauliza, "mwenyewe yuko wapi?"

Sikujua. Kipande kilikuwa kimenifikia kikiwa na namba ya tarakimu sita, na ndivyo inavyopasa, maana siri ya mgonjwa ni yake. Lakini swali lake halikuwa la jina. Aliuliza kama nimewahi kumfikiria. Na katika miezi yote niliyoihangaikia picha ile, nikibadilisha kivuli hiki na ukali ule, sikuwa nimewahi. Nilimwambia, "Sijui, mama. Naomba radhi." Akanishika mkono kidogo, akaenda kukaa.

Ni aibu niliyostahili. Nilikuwa nikiijua habari ya Henrietta Lacks kama anavyoijua kila mtu wa maabara: mwaka 1951, huko Baltimore, Marekani, seli za saratani ya mlango wa kizazi zilichukuliwa mwilini mwake bila yeye kuombwa ridhaa, yeye akafariki mwezi Oktoba mwaka huo huo, na seli zake zinaendelea kukua maabarani duniani kote kwa jina la HeLa. Nimezipiga picha mara nyingi. Katika seli zote ninazozijua, ni miongoni mwa zinazopendeza zaidi zikijigawa. Nilikuwa nimeyaweka mambo hayo mawili kwenye vyumba viwili vya kichwa changu, na mama yule alifungua mlango kati yao.

Picha hatukuziondoa. Tulijadiliana sana, na wengine walitaka ziondoke. Mimi nilisema zibaki, na bado nasema hivyo. Kitu kilichomtesa mtu kikitazamwa kwa makini na kwa heshima, hakuna aliyedharauliwa. Ila kuning'iniza bila maneno kulikuwa kosa, na nililitaka kosa hilo lirekebishwe kwa mkono wangu.

Sasa kila picha yangu ina kipande cha karatasi chini yake, na huwa nakiandika mwenyewe. Kile kilicho chini ya ile picha ya ukumbini kinasema hivi: Hiki ni kipande cha uvimbe wa mtu aliyeridhia kitumike katika utafiti, na tunamshukuru. Kamera ilinasa nyeusi na nyeupe. Rangi tumezichagua sisi, ili hata asiyetofautisha nyekundu na kijani aone. Picha hii ni moja kati ya 30 zilizopigwa kwenye kioo hicho. Nyingine 29 zipo maabarani.

Wengi husoma mstari wa kwanza na kusimama hapo, na hilo linanitosha. Wiki iliyopita alikuja mwanafunzi ambaye sikuwa namfahamu, amebeba daftari. Alikuwa ameisoma karatasi mpaka mwisho, akapanda ngazi kuuliza kama anaweza kuziona zile 29. Nilimvutia kiti. Ya kwanza iliyofunguka ilikuwa na povu kubwa la hewa katikati, na tishu imejikunja ukingoni. Nilimsogezea penseli, nikamwomba anieleze anachokiona.